Mpiga makasia mwenye sukari: kisa cha Steve Redgrave kikisomwa Dodoma

Novemba 1997, huko Uingereza, mwanamume wa miaka 35 mwenye dhahabu nne za Olimpiki alishikwa na kiu isiyokatika. Anatoka mazoezini, anakunywa maji, kiu ipo. Anaongeza, bado ipo. Kwa mtu anayefanya mazoezi mazito kutwa nzima kiu si habari, na ndiyo maana dalili hii hujificha vizuri kwa watu wa kazi ngumu. Kwetu Dodoma nayo hujificha, maana Oktoba hapa nani hana kiu? Mtu anaweza kumaliza dumu la maji shambani na asijiulize lolote. Yule Mwingereza alijiuliza. Akapimwa, akakutwa na kisukari.

Jina lake ni Steve Redgrave. Kwenye kliniki za sukari tunamtaja tunapotaka kumtia mgonjwa moyo: mwone huyo, ana ugonjwa kama wako na bado aliibuka bingwa Olimpiki. Naona tunamtaja vibaya. Tumekifanya kisa chake kuwa cha mtu aliyejikaza, na mgonjwa anaondoka akiamini kwamba akizidiwa ni kwa sababu yeye hakujikaza. Ukikifuata kisa chenyewe hatua kwa hatua unakuta jambo jingine, la kiufundi zaidi na lenye faida kubwa zaidi kwa mkulima wa Kongwa au dereva wa bodaboda wa Area C. Ndilo ninalotaka kulichambua.

Kwanza mtu mwenyewe. Anayefuatilia michezo kanda ya kati atamjua zaidi Alphonce Simbu wa Ikungi, Singida, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Makasia si mchezo wetu. Maji tuliyo nayo ni bwawa la Mtera, la Hombolo, na yale maziwa ya chumvi ya Singida, na kasia la huku ni la mvuvi wa perege. Redgrave alizaliwa mwaka 1962 Marlow, mji mdogo kando ya mto Thames. Kusoma kulimsumbua kwa sababu ya disleksia, na mwalimu wake wa Kiingereza ndiye aliyempeleka kwenye mtumbwi. Aliacha shule na miaka 16. Los Angeles 1984 akashinda dhahabu akiwa kwenye mtumbwi wa wapigaji wanne wenye mshika usukani. Seoul 1988 akashinda na Andy Holmes, wawili peke yao. Barcelona 1992 na Atlanta 1996 akashinda na Matthew Pinsent, na ile ya Atlanta ndiyo dhahabu pekee Uingereza iliyorudi nayo mwaka ule. Muda mfupi baada ya mbio hizo aliwaambia watangazaji kwamba atakayemwona tena karibu na mtumbwi ana ruhusa ya kumpiga risasi. Haikupita miezi mingi akawa amerudi, safari hii kwenye mtumbwi wa wanne bila mshika usukani: yeye, Pinsent, James Cracknell na Tim Foster. Septemba 1997 wakawa mabingwa wa dunia. Novemba ikaja kiu.

Kisukari hakikuwa ugonjwa wake wa kwanza mzito. Mwaka 1992 alikuwa amegundulika kuwa na vidonda vya utumbo mpana, ule uvimbe wa kudumu unaoleta kuharisha damu, na dhahabu ya Barcelona aliipata mwaka huohuo. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kitu kuhusu nyumba yake: ilikuwa imeshazoea ugonjwa sugu. Mkewe, Ann, ni daktari, na naye alipiga makasia kwenye Olimpiki ya 1984. Mgonjwa anayelala nyumba moja na daktari anayeujua mchezo wake ana mtaji ambao wengi wetu hatuna. Tusiufiche tunapomtolea mfano.

Sasa mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa hatutaelewa ugumu wa tiba. Mbio ni mita 2,000. Mpigaji anakaa akikipa mgongo kituo cha kumalizia, kiti kinateleza kwenye reli, na nguvu kubwa inatoka miguuni kuliko mikononi. Mbio za wanne humalizika kwa takriban dakika 6. Dakika hizo 6 huandaliwa kwa miaka, kwa mazoezi ya saa nyingi kila siku, na mwili wa mtu wa kimo na uzito kama wake ulihitaji kalori kama 6,000 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya mwanamume wa kawaida. Sehemu kubwa ya chakula hicho ni wanga na sukari. Mwambie mtu huyo ana kisukari, uone utampa ushauri gani.

Mwenyewe aliamini mambo yamekwisha. Daktari bingwa wake akasema haoni sababu ya yeye kuacha. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, wakampigia makofi daktari jasiri na mgonjwa jasiri. Lakini kumwambia mtu aendelee ni rahisi. Kazi ilikuja baadaye, na mwanzoni haikwenda vizuri.

Ushauri wa kwanza ulikuwa ule wa kila kliniki: punguza sukari, kula kama anavyotakiwa kula mwenye kisukari. Mwili ukagoma. Chakula kile kilimfaa mtu anayekaa ofisini, na yeye alikuwa anachoma nguvu za watu wawili. Hakuwa na nishati ya kufanya mazoezi kwa kiwango kile. Ndipo mpango ukageuzwa: akarudi kwenye ulaji wake wa zamani, pamoja na sukari yake, na dozi ya insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu anayojichoma kwa sindano, ikapangwa kuufuata ulaji huo na mazoezi hayo. Akawa anajipima sukari mara nyingi kwa siku na kujichoma insulini mara kadhaa, akipandisha na kushusha kulingana na zoezi lililo mbele yake.

Mimi naona hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Awali maisha yalikuwa yanabanwa yafuate dozi. Walipogeuza, dozi ndiyo ikaanza kufuata maisha.

Wiki chache baada ya kujaribu kumsimulia mgonjwa mmoja kisa hiki, mzee wa Mvumi anayelima uwele na karanga, akanirudia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi yule Mzungu wenu alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia: kalori elfu sita, na sukari ndani yake.

Akacheka mpaka akashika ukingo wa benchi. "Kumbe alikula! Mimi mmeniambia niache ugali."

Na alikuwa sahihi. Kwenye kadi yake kuna vidonge vya aina mbili vya kushusha sukari, metformini na glibenklamaidi, na ushauri wa kupunguza wanga. Mvua zikianza Desemba anaamka alfajiri, anakunywa chai ya rangi bila sukari, anameza vidonge vyake vyote kama alivyoelekezwa, anashika jembe mpaka saa sita. Amefuata kila neno tulilomwambia, na ndivyo alivyojiweka hatarini.

Niieleze hatari hiyo kidogo, maana hata sisi wahudumu hatuielezi vya kutosha. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Ini nalo linaachia akiba yake kuziba pengo. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, linapunguza insulini lenyewe kazi inapoanza, kwa hiyo mizani haiyumbi. Lakini insulini ikishachomwa haiwezi kurudishwa kwenye sindano, na glibenklamaidi ikishamezwa inalilazimisha kongosho kutoa insulini iwe kuna chakula au hakuna. Sukari inaporomoka. Jasho jembamba, mikono inatetemeka, njaa kali, mtu anaanza kuongea vitu visivyoeleweka. Shambani wenzake watasema ni jua, au malaria, au kapandwa na kitu. Tena kuporomoka hakusubiri kazi iishe tu: misuli inaendelea kujaza akiba yake kwa saa nyingi baada ya kazi, ndiyo maana wengine hushuka usiku wakiwa wamelala.

Kwa mpiga makasia kulikuwa na mkorogo mwingine. Mazoezi marefu ya taratibu hushusha sukari, lakini mbio fupi za nguvu zote, zenye homoni za msisimko ndani yake, zinaweza kuipandisha kwa muda. Kwa hiyo asubuhi ya mazoezi marefu na asubuhi ya fainali si asubuhi moja, hata kama mtumbwi ni uleule na chakula ni kilekile. Hata mahali pa kuchoma sindano pana maana: ukiichoma pajani halafu miguu ikaanza kazi mara moja, insulini inaingia haraka kuliko ulivyopanga, hivyo tumbo ni salama zaidi. Hakuna aina ya kujikaza inayoweza kukuambia mambo haya. Kipimo ndicho kinachokuambia.

Kulikuwa pia na suala la kanuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 insulini iliwekwa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, kwa sababu wapo waliokuwa wakiitumia kujenga misuli, na mwanamichezo mwenye kisukari alihitaji kibali cha tiba. Hilo kwetu halina uzito, nalipita.

Matokeo hayakuwa mstari mnyoofu. Ubingwa wa dunia waliushinda tena 1998 na 1999, huu wa pili Ed Coode akiwa kwenye nafasi ya Foster aliyekuwa majeruhi. Kisha Julai 2000, kwenye mashindano ya Lucerne, Uswisi, ikiwa imebaki miezi miwili tu, wakamaliza wa nne. Sitaki kusema ni sukari iliyowashinda siku ile. Mtumbwi una watu wanne na sababu za kushindwa ni nyingi. Ninachokiona ni kwamba kocha wao, Jürgen Gröbler, Mjerumani aliyetoka katika mfumo wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, hakuvunja timu. Tarehe 23 Septemba 2000, kule Penrith nje ya Sydney, wakashinda kwa dakika 5 na sekunde 56.24, Waitaliano wakiwa nyuma yao kwa sekunde 0.38. Redgrave alikuwa na miaka 38, na hiyo ikawa dhahabu ya tano katika Olimpiki tano mfululizo. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha Sir.

Watu huniuliza kuhusu aina ya kisukari chake, na ni swali zuri. Taarifa za hadharani humweka kwenye aina ya pili, ile ambayo mitaani tunaiita ya watu wazima au ya wenye vitambi, ingawa alitumia insulini. Mwanamichezo aliyekuwa akichoma kalori 6,000! Hapa Dodoma bado kuna imani kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa soda na chipsi, na mkulima mwembamba akitajiwa sukari anaona amesingiziwa, wengine hata hukataa kuanza dawa. Uzito mkubwa unaongeza hatari, kweli, lakini si mlango pekee. Kwa jambo hili moja sina ugomvi na wanaomtumia Redgrave kama picha ya ukutani.

Kuhusu hali zetu lazima tuseme wazi kisa kinavyopungua kikivuka bahari. Yeye alijipima mara nyingi kila siku. Mgonjwa wetu wa kawaida anapimwa siku ya kliniki, asubuhi, akiwa hajala, amekaa kwenye benchi kwa saa mbili. Kipimo hicho hakiwezi kusema chochote kuhusu saa tano asubuhi shambani. Mashine ya kupimia si kikwazo kikubwa sana, hata kikundi cha watu wanane wanaweza kuchangia moja, ila kila mtu na sindano yake ya kutoboa kidole, hilo halina mjadala. Kikwazo ni vijiti, vile vya kupimia tone la damu vinavyochomekwa kwenye mashine. Vinaisha, na kila mashine ina vijiti vyake. Kama mtu ana vijiti vichache kwa mwezi, ningependa avitumie siku mbili za kazi nzito, kabla ya kazi, katikati na kabla ya kulala, kuliko kuvigawa kimoja kimoja asubuhi za mapumziko. Siku mbili zilizopimwa vizuri zinamwambia daktari mengi.

Joto nalo. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne ikiwa haizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina yake. Kuanzia Oktoba mchana wa Dodoma unavuka 30 bila taabu, na nyumba ya bati bila dari ni tanuri. Ila tuna bahati moja ambayo Pwani hawana: hewa yetu ni kavu, na hewa kavu hufanya mtungi upoe vizuri. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, chombo cha dawa kikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hakifikii friji, lakini kinashusha nyuzi za kutosha kuilinda dawa inayotumika. Wenye friji nao wasiiweke karibu na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Sasa nirudi kwenye dozi. Redgrave alikuwa na mpango uliobadilika kulingana na zoezi la siku. Wagogo na Warangi wanaolima wana mzunguko wa kazi unaotofautiana zaidi ya wake: Julai mtu anakaa kivulini anapukuchua karanga, Januari analima na kupalilia kutwa. Ni mwili uleule wenye mahitaji mawili tofauti. Chukua kadi yake uisome. Dozi ya Julai na dozi ya Januari ni ileile, sahihi ileile, imerudiwa tu. Kondoa kuna hali ya tatu, mwezi wa Ramadhani, na hapo angalau tumezoea kuwauliza wagonjwa watafunga au la na kuwapangia upya. Kwa nini msimu wa kulima hatuuliziani?

Haimaanishi mgonjwa aamke siku moja apunguze vidonge kwa kichwa chake. Anayekata dawa kiholela anaweza kupanda mpaka akalazwa, na mwenye insulini akiikosa kabisa halafu akafanya kazi nzito, sukari inapanda badala ya kushuka na asidi inaanza kujikusanya kwenye damu. Ninachosema ni kwamba maswali matatu yaingie kwenye mahudhurio ya Novemba, kabla ya mvua: kazi yako inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, unakula nini kabla yake, na nani yuko karibu nawe ukiwa huko. Daktari akishapata majibu ndiye apange, kwa mfano kidonge kihamie kwenye mlo mkubwa wa mchana, au kibadilishwe kabisa kwa kile kisichoshusha ghafla. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, hivyo si kila mgonjwa yuko kwenye hatari moja. Na yule aliye karibu naye afundishwe: sukari ikiwa chini ya 4 kwenye mashine (yaani mmol/L), au dalili zikionekana na hakuna mashine, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kusubiri dakika 15, kupima au kuangalia tena, kisha chakula. Ugali wa uwele na mlenda hapo ni sahihi kabisa. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Na aliyeshushwa na glibenklamaidi apelekwe hata kama ameamka, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumwangusha tena jioni.

Nimependekeza kwa wenzangu tuandike mistari miwili kwenye kadi za wakulima, mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, kila mmoja na sahihi ya daktari. Muuguzi mmoja, dada ninayemheshimu na aliyenitangulia kazini, hakubali. Anasema mvua za Dodoma hazina adabu, zinaweza kunyesha wiki moja na kukata wiki tatu, na mgonjwa ataachwa na kadi inayosema masika wakati yeye amekaa nyumbani anasubiri wingu. Anataka mistari iitwe "siku ya jembe" na "siku ya kukaa", mgonjwa achague kila asubuhi. Mimi naogopa kumwachia uchaguzi wa kila siku mtu asiye na kijiti cha kumwonyesha alipo. Yeye anasema Redgrave alichagua kila siku. Nikamjibu kwamba Redgrave alikuwa na vijiti. Tumekubaliana kuanza na wale wenye mashine, watumie mistari ya dada, na wengine wabaki na ya misimu mpaka mavuno.